Shingo Isiyo na Bei ya Katikati

Magunia kumi na nane ya mahindi. Hiyo ndiyo gharama ya shingo ya mke wangu mpaka leo, nimehesabu mara mbili, na bado haijaguswa na kisu.

Kwetu rovu, uvimbe wa tezi ya shingo, halishangazi mtu. Mama yake alizeeka nalo. Ila la mke wangu lilianza kuvimba upande mmoja, tukapanda basi kutoka Kibaigwa hadi Dodoma. Daktari, binti wa umri wa mwanetu, akampima shingo kwa ultrasaundi, kisha akaiachia kompyuta nayo isome picha. Ikatoa daraja la nne: kuna shaka ya saratani.

"Imejuaje?" nikauliza.

"Imefundishwa kwa picha za shingo nyingi ambazo majibu yake yanajulikana, mzee. Inalinganisha."

"Shingo za wapi?"

Akatabasamu. "Nyingi za ng'ambo."

Mimi ni dalali wa mahindi. Mnunuzi aliyezoea mpunga simwachii anipangie daraja. Binti akachukua chembe kwa sindano, kama tunavyochoma gunia kwa bambo kuchota punje za kukagua. Majibu yakarudi hayasemi ndiyo wala hapana. Bambo moja sijawahi kuliamini. Nikampeleka mke wangu hospitali nyingine, kimya kimya. Kompyuta yao ikasema daraja la tatu.

Nikarudi kwa binti na karatasi zote mbili, nimechoka lakini nina hoja. "Huku nne, kule tatu. Tukutane tatu na nusu."

"Na kwa tatu na nusu nifanyeje, mzee? Nikate nusu?"

Mke wangu akajifunika uso kwa kanga. Nikadhani analia, kumbe anacheka. "Baba, unapatana bei ya shingo yangu, na mimi sijasema nauza."

Binti akatueleza taratibu. Mashine zote mbili zinakadiria, naye anakadiria. Kuutoa upande ule ndiko kujua kwa hakika. Kusubiri miezi kadhaa na kupima tena nako kunawezekana. Ila mshipa wa fahamu wa sauti unapita hapo hapo pa kukata, na ukiguswa sauti inaweza kupotea. Na mke wangu ndiye anayeanzisha nyimbo kwenye kwaya yetu. Akinyamaza, wenzake wanabaki kutazamana.

"Amua wewe," aliniambia tukisubiri basi. "Mimi nimechoka kupimwa."

Nami nimechoka kupima. Kama umewahi kuishi na mtu aliyepasuliwa tezi ya shingo, naomba uniambie: sauti ilirudi? Na kama mliamua kusubiri, usiku mlikuwa mnalalaje?