Jina Lililo Chini ya Rangi

Mjukuu wangu amenunua lori. Naliita lori ili kumfurahisha tu, maana ukisimama kando yake unaliona paa lake bila kunyanyua shingo. Ni vile vigari vidogo vya mizigo vinavyoletwa kutoka Japani, havina pua, injini iko chini ya makalio ya dereva. Analitumia kuhamisha watu kule mtaa wa Pipeline, kitanda na godoro na mtungi wa gesi, kutoka ghorofa hii kwenda ile. Na analipenda, wallahi, sijui kama mke atapendwa hivyo. Ameongeza mbao ubavuni ili libebe zaidi, ameshonesha turubai, amefunga taa za rangi ambazo nilimwambia hazina kazi, na kila Jumapili huja nalo hapa kwangu Dandora akajilaza chini yake kulipaka grisi, miguu tu ikionekana.

Jumapili iliyopita alichomoka huko chini, akafungua kopo la rangi. "Shosh," akaniambia, "nataka kuandika jina kwa mlango. Nipe jina moja safi." Nikamfokea. Nilimfokea mbele ya marafiki zake, kwamba mlango wa gari si ubao wa shule, aache upuuzi wake. Kijana wa watu akabaki ameduwaa na brashi mkononi. Baadaye nilimpa chai na kumwomba radhi, lakini sababu sikumwambia. Nakuambia wewe, kwa kuwa wewe hutanitazama usoni ninaposema.

Nililelewa Majengo, Pumwani, katika nyumba ya bibi yangu, mama yake baba. Ilikuwa nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati, na paa la madebe yaliyokunjuliwa. Mvua ikinyesha hamsikilizani. Bibi alikaa chumba cha mbele, mimi na Baba kinachofuata, vingine vilikuwa vya wapangaji. Alfajiri nilikuwa nikiamshwa na harufu ya mahamri na iliki, kisha natumwa mferejini na debe kichwani, na ole wangu nikirudi limepungua. Baba alikuwa seremala katika karakana ya reli. Alikuwa mtu wa maneno machache, na vumbi la mbao halikumtoka masikioni hata siku ya Idi.

Mpangaji wa chumba cha mwisho alikuwa dereva, mtu wa Kiambu. Jina lake sitalitaja. Nililitaja mara moja, na hiyo mara moja inanitosha mpaka kaburini. Mimi nilimwita Ami, kwa sababu yeye na Baba walikuwa kama waliozaliwa tumbo moja, na Bibi alimwita "mwanangu" akiwa radhi naye, na "yule bwana" akiwa amemkasirikia.

Ami ndiye aliyekuwa na lori. Hilo nalo naliita lori kwa heshima tu. Lilikuwa gari dogo la Mzungu fulani lililopata ajali, nyuma limebondeka kabisa, Ami akalinunua kwa bei ya chuma chakavu. Likakokotwa na vijana sita mpaka kwetu, likawekwa kwenye uchochoro kati ya nyumba yetu na ya jirani. Hapo ndipo yeye na Baba walipolifanyia kazi miezi mingi. Walikata sehemu yote ya nyuma kwa msumeno wa chuma, wakaongeza springi, na Baba akajenga bodi ya mbao za makasha, kila kiungo kimekaa sawasawa, huoni msumari. Lilipokamilika lilikuwa na uso wa gari la bwana mkubwa na mgongo wa mkokoteni. Watoto wa mtaa walilicheka wiki moja, kisha wakaanza kugombania kulisukuma.

Maana lilisukumwa, ndugu yangu. Asubuhi za baridi Ami alizungusha hendeli mpaka shati likaloa, likakohoa, likanyamaza, ndipo tukaitwa. Redieta ilivuja, naye alikuwa na dawa yake: alipasua yai, akamimina ule ute ndani maji yakiwa moto, na tundu likaziba kwa siku kadhaa. Bibi alikuwa akihesabu mayai yake kwa sauti ili asikike mpaka uchochoroni. "Nyumba hii," alisema, "kuna mtoto anayekula mayai na haoti meno." Tairi zikiisha kabisa zilipelekwa soko la Kariokor, zikakatwa kuwa makubadhi, na jozi moja ilikuja kwangu. Mimi kazi yangu ilikuwa kujaza maji na kufuta mlango.

Ule mlango nilikuwa nikiufuta kuliko nilivyoufuta uso wangu. Sheria ya wakati ule ilitaka gari la mizigo liandikwe jina la mwenyewe ubavuni, na Ami alimwita fundi wa maandishi aliyeifanya kazi hiyo hasa, herufi nene nyeupe zilizotuna ukizipapasa. Jioni Ami akirudi sokoni alikuwa akiniinua mpaka ubavuni mwa lori, ananishika kidole cha shahada, anakipitisha juu ya herufi moja moja huku akizitamka. Nilikuwa sijaanza shule. Jina lake ndilo neno la kwanza nililolisoma duniani. Siku nilipolisoma lote bila kushikwa kidole alinizungusha Majengo nzima nimekaa mbele, akapiga honi kila kona, na Bibi akasema ataniharibu kwa majivuno. Sijui kama alijua alilokuwa akilisema.

Kisha ikaja Hatari, ile hali iliyotangazwa na serikali ya Wazungu ili kuwasaka waasi wa msituni. Wewe huenda umeisoma vitabuni. Sisi tuliiona ikija mlango kwa mlango. Watu wa kwao Ami walianza kuchukuliwa, mmoja leo, wawili kesho, na walioondoka kwa miguu yao walikuwa hawaagi. Wazee wa Majengo walikaa na Bibi ukumbini mchana mmoja, wakanong'ona. Ami alikuwa amesilimu tangu mwaka uliotangulia, kwa hiyo jina la Kiislamu alikuwa nalo. Ikaamuliwa kwamba yeye ni mtoto wa Bibi, mdogo wake Baba, basi. Akaanza kuvaa kanzu hata siku za kazi. Kiswahili chake Bibi alikinyoosha kila chakula cha jioni, na akikosea alinyimwa mchuzi mpaka arudie. Tulicheka. Namkumbuka Ami akicheka na machozi, akisema mama yake mzazi hakuwa mkali namna hii.

Na mimi nilifundishwa. Bibi aliniketisha akaniuliza, "Ami yako mtoto wa nani?" Nikajibu, "Mtoto wako, Bibi." "Alizaliwa wapi?" "Mombasa." Aliniuliza nikila, nikisukwa, nikiwa nasinzia. Nilijua kila nilichotakiwa kusema juu ya yule mtu. Juu ya mlango hakuna aliyeniambia kitu.

Baba aliupaka mlango Jumamosi moja mchana. Rangi ya kijani, aliyoitoa sijui wapi. Alipaka mara moja, akasubiri ikauke, akaandika jina lake mwenyewe juu yake kwa mkono wa kiseremala, herufi zimesimama wima. Nilikuwepo. Nilimuuliza kwa nini anaficha jina la Ami, akasema gari limechakaa, linahitaji sura mpya. Nami nikaona sawa. Siku hizo walikuwa wakilibadilisha kila mara, mara taa, mara bodi, mara kiti.

Haikupita hata wiki mbili. Tuliamka tukakuta mtaa umezingirwa, malori ya jeshi kila njia, na spika inapaza sauti kwamba wanaume wote watoke. Wakatoka. Wakachuchumalishwa kwa mistari barabarani, Baba na Ami wakiwa bega kwa bega, Ami katika kanzu na kofia. Mzee wa mtaa alikuwa amekwisha kuwashuhudia kuwa ni ndugu. Askari waliwapita mara ya kwanza, wakawapita ya pili. Bibi alikuwa amesimama mlangoni tasbihi mkononi, na nilimsikia akipumua kwa nguvu walipopita ya pili.

Ndipo akaja afisa mmoja, kijana wa Kizungu mwenye uso uliobabuka kwa jua, akiwa na askari wa kumtafsiria. Aliliona lori. Nafikiri lilimchekesha tu, ile sura yake. Akamuuliza Bibi ni la nani, Bibi akasema la mwanangu seremala, na kodi imelipwa. Akataka stakabadhi. Bibi akaingia ndani kuitafuta katika sanduku lake.

Nikabaki mimi. Afisa akachuchumaa akaniuliza kwa Kiswahili chao, "Wewe toto, nasoma?" Nikaitikia. Akanionyesha mlango. Nikasoma jina la Baba, polepole, silabi kwa silabi. Akapiga makofi. Ninakwambia nilivimba kichwa. Nilikuwa na miaka saba, mtu mwenye bunduki na viatu vinavyong'aa amenipigia makofi, na jua la asubuhi lilikuwa limelala chini, linapiga mlango kwa ubavu, na zile herufi nene za fundi zilikuwa zimetuna chini ya rangi ya Baba nilivyozizoea.

Nikamwambia, "Na chini yake kuna jingine. Hili nalijua hata nikifumba macho."

Nikafumba macho nikapitisha kidole. Nililisoma lote, kwa sauti nzuri, bila kukosea.

Nilipofumbua, afisa hakuwa akicheka tena. Alisema neno na askari wake, wakaondoka kwa hatua za haraka kuelekea barabarani. Bibi akatoka na karatasi yake, akaniuliza, "Wamekwenda wapi?" Nikasema sijui. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kuhusu jambo hili.

Yule askari alisimama mbele ya mistari akaita lile jina, jina la Kiambu, mara mbili. Hakuna aliyetikisika. Afisa akaanza kumwelekea Baba, kwa kuwa jina la Baba nalo lilikuwa mlangoni. Ami akasimama. Alijipangusa vumbi magotini, akavua kofia, akasema kwa Kiswahili safi cha Bibi, "Mimi ndiye. Hawa watu niliwadanganya, hawakujua." Alipakiwa kwenye lori la jeshi pamoja na wengine. Alitutafuta kwa macho, akaniona mimi, akanipungia mkono kama alivyofanya kila asubuhi akienda sokoni. Nikakimbilia uchochoroni.

Baba aliporudi alikwenda moja kwa moja uchochoroni. Jua lilikuwa bado chini. Alikaa mbele ya ule mlango muda mrefu, akaupapasa, kisha akajipiga kofi la uso, kofi la kweli, lililosikika. Nilikuwa nyuma ya pipa la maji. Nilielewa anachofikiri. Alifikiri afisa aliziona zile herufi mwenyewe.

Ilinipasa kutoka pale nyuma ya pipa nikaseme. Sikutoka.

Baba alilitunza lile lori miaka mingi. Kila Ijumaa akitoka msikitini alivua kanzu, akazungusha hendeli, akaliacha lingurume kidogo ili lisife. Alibadilisha ubao uliooza, akashona turubai jipya, akatia yai kwenye redieta, na Bibi hakuhesabu tena mayai. Hakulibebesha mzigo wa mtu hata siku moja. Watu walitaka kulinunua, akasema lina mwenyewe. Rangi ya kijani aliikwangua yote, akaliacha lile jina jeupe litoke, na kila nilipopita uchochoroni liliniangalia. Nilianza kuzunguka kwa nyuma, kupitia choo cha jirani, nikisingizia njia ni fupi. Shuleni mwalimu akinisimamisha nisome kwa sauti nilipigwa, kwani sikufungua mdomo. Nilipigwa mpaka akachoka.

Hatari ilipokwisha akaja mama mmoja wa makamo, amefunga kitambaa, hajui njia za Majengo. Alikuwa dada yake Ami. Alisema Ami alifia kambini, kwa kifua, mwaka wa pili tu wa kuchukuliwa. Bibi alilia kwa sauti mpaka majirani wakaja. Baba hakulia. Alimpakia yule mama kwenye lori, akampeleka mpaka kwao, akawaachia hilo lori, na siku ya tatu akarudi kwa miguu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Tangu siku hiyo uchochoro ulikuwa mtupu, na mara nyingi, Ijumaa mchana, nilisikia injini ikikohoa mahali ambapo hapakuwa na kitu. Nilimuuliza Bibi kama na yeye husikia. Akaniambia nisome Fatiha nikalale.

Ile nyumba haipo. Uchochoro haupo, na mahali pa mfereji pana kibanda cha simu za mkononi. Nilikwenda mwaka juzi, nikauliza, hakuna aliyenijua. Harufu ya iliki tu ndiyo niliyoikuta, mama mmoja anakaanga mahamri kando ya njia, nikanunua mawili nikashindwa kuyala.

Baba aliugua akiwa mzee sana, na mimi ndiye niliyemuuguza. Alikuwa amesahau karibu kila kitu, hata jina langu lilikuwa likimpotea. Mchana mmoja nilikuwa nikimfuta uso kwa kitambaa cha maji, akanishika mkono, macho yakiwa wazi, akili imemrudia kabisa. "Ningelipaka mara mbili," akasema. "Mara ya pili tu, mwanangu. Asingeliona."

Nilikuwa nimelingoja neno hilo maisha yangu yote. Mlango ulikuwa umefungwa, tulikuwa wawili tu, na nilikuwa mwanamke mzima mwenye wajukuu.

Nikamwambia, "Rangi ilikuwa imekwisha, Baba."

Akafikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa, akaniachia mkono.