Ngedere wa Kang'ata Niliwaita Mimi

Jina langu msiniulize. Mkilijua, huku Handeni sitapata hata wa kunibebea jeneza. Nasema tu: ngedere waliomaliza mahindi ya watu Kang'ata mwaka ule, niliwaleta mimi. Ndiyo, mimi! Mpumbavu na nusu!

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Kila kitu kinauzwa: viwanda, mashamba ya mkonge, mpaka chupi za Wazungu pale Mkata. Basi alipokuja kijana wa mradi kutuambia kuna watu nje wanalipia msitu wa asili uliorudi shambani, hatukushangaa sana. Utenge kipande cha shamba, uache mikongo na mininga ichipue, usichome mkaa, ulipwe. Viumbe wa porini wakirudi, unaongezewa.

"Wananunua mpaka ndege?" nikamuuliza.

"Hapana, kaka. Wanalipia kurudi kwao."

Nikatenga shamba langu la juu. Miti ikapanda vizuri, sikatai. Ila hao viumbe! Kenge mmoja na kunguru. Jirani yangu ng'ambo ya korongo, kwake walionekana digidigi, akaanza kutembea kama mbunge. Wivu ukaniwaka. Na wakaguzi walikuwa njiani, pamoja na mama mmoja wa Kizungu, mwakilishi wa wanunuzi.

Nikawa natoka alfajiri na kapu la mahindi mpaka kilimani wanakoishi ngedere. Nadondosha punje, leo mpaka hapa, kesho mbele kidogo, mpaka wakaingia msituni kwangu. Wakahamia! Siku ya ukaguzi yule mama aliwaona juu ya mkongo, machozi yakamlenga. Mimi nimesimama pembeni, mikono nyuma, sura kama ya ustadhi. Nyongeza nikapata.

Mahindi ya watu yakakomaa. Eh! Ngedere akishajua ladha ya mahindi humwambii kitu. Shamba la dada yangu lilipakana na ule msitu. Huyu ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki. Akawa anashinda juani anapiga debe kuwafukuza, na mguu wake mbovu; akigeukia huku, wanaingia kule.

"Mdogo wangu, hawa wametoka wapi? Miaka yote walikaa zao kilimani."

Nikamjibu, tena kwa sauti ya msomi: "Dada, asili inarudi."

Jamani, nilisema hivyo! Kwa mdomo huu!

Hakuvuna kitu. Binti yake akaacha shule, akaenda Masuguru kule Korogwe kufanya kazi za ndani.

Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano. Watu wakasema misitu ya mradi ndiyo inayozaa ngedere. Nilikuwepo. Sentensi moja tu ingetosha. Nikaangalia ndala zangu.

Kesho yake wakaja na mapanga na moto. Wakaanza kwangu, wakavuka korongo, wakamaliza na kwa mwenye digidigi, ambaye hakumkosea mtu. Mradi ukafungasha. Ngedere je? Wakarudi kilimani bila hata kuaga!

Sikujua nilivyoupenda ule msitu mpaka nilipousikia unaanguka.

Jioni dada akaja, panga bado mkononi. Akakaa mlangoni analia. "Nisamehe, mdogo wangu. Njaa ndiyo imenifanya nikukatie miti yako."

Na mimi, ibilisi mkubwa, unajua nilimjibu nini? "Nimekusamehe, dada."

Yupo mpaka leo. Kila asubuhi nampa shikamoo, naye ananiitikia marahaba kwa upendo. Inanichoma!

Nyie mnaolipwa kurudisha misitu, tunzeni miti, wanyama waacheni waje wenyewe wakitaka. Na kama umeshaharibu, simama mkutanoni useme, hata kama sauti inatetemeka. Ukinyamaza kama mimi, utakuja kuombwa msamaha na mtu uliyemlaza njaa.