Mbuta Aliyerudi Kwao

Baba alipokaribia kustaafu kazi ya reli, nyumba yetu ya Kaloleni, Nairobi, ilikuwa irudi kwa kaunsili. Yeye alitaka tuhamie kwao, kwenye rasi iliyoingia ndani ya Ziwa Victoria. Mama, mtu wa Murang'a ambaye hakuwa ametia samaki mdomoni hata siku moja, alisema tu, "Nitaona kwanza." Miaka yote alimpikia Baba samaki huku amegeuzia pua dirishani.

Basi Krismasi hiyo tukafunga safari. Siku ya kuondoka Mama akarudi kutoka Gikomba na kapu. Ndani yake, mbuta mzima wa kukaangwa, kafungwa kwa gazeti.

Baba alishika kichwa. "Mama watoto, unawapelekea watu wa ziwani samaki? Si watatucheka mpaka waanguke!"

"Kwani najua wanapenda nini kingine?" Mama akajibu.

Mimi nilikuwa upande wa Baba. Jameni, aibu niliyoisikia! Nilikaa mbali na lile kapu safari nzima.

Tuliposhuka kwenye basi, Baba alikataa njia ya mkato. Akatupitisha kandokando ya maji, kijiji hadi kijiji, akionyesha mwamba aliojifunzia kuogelea na mchanga walipoanika nyavu. Haki ya Mungu, palikuwa pazuri. Maji kushoto, maji kulia, maji mbele, na vilima vya ng'ambo vikionekana kwa mbali. Nilimchungulia Mama usoni, sikusoma kitu.

Lakini kila kijiji tulikuta mambo yaleyale: lori limejaa barafu, samaki wanapimwa, wanapakiwa, wanaenda zao viwandani. Akina mama walipanga foleni kununua mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta ambayo kiwanda kimeshakwangua nyama. Baba akaomba auziwe samaki mmoja tu wa kumpelekea mamake. Wakamwambia wote wana wenyewe. Alikuwa ameongea kama redio tangu asubuhi, sasa akatangulia mbele akitazama chini, na mimi roho ikaniuma.

Kwa Nyanya, sufuriani mlikuwa na mgongo wazi. Nyanya aliona haya kutupakulia. Mama hakumtazama hata Baba. Alifungua kapu akaweka mbuta wake katikati.

Nyanya akapiga makofi. "Huyu si wa hapa hapa? Ameenda Nairobi, na amerudi!"

Tulicheka sote, Baba zaidi. Kisha Nyanya akamega kipande kinono, akakiweka mkononi mwa Mama. "Kula, mama."

Hapo Baba akaacha kutafuna. Mama alikitazama kile kipande, akafumba macho, akala. Alitafuna pole pole, mpaka mwisho.

"Ana miiba," akasema.

"Utazoea," Nyanya akamwambia.

Mama akafuta vidole kwenye leso, akatazama yale maji ya ziwa kupitia mlangoni.

"Itabidi."