Nilipokuwa Nasubiri Gari la Zimamoto

Moto wa mjini naujua. Pale Iringa, duka la jirani lilipoungua, tulipiga simu, gari jekundu likapanda kilima likipiga king'ora, askari wakafungua mipira yao, na kazi yetu majirani ikawa kurudi nyuma na kupisha. Nikajifunza kwamba ukiona moto unapiga simu, halafu unakaa pembeni. Elimu hiyo nusura imuue mama yangu.

Ilikuwa Septemba, miaka michache iliyopita. Nilikuwa nimekwenda kumsalimia kijijini, mwendo wa saa nzima kutoka Mafinga kwa barabara ya vumbi. Baada ya chakula cha mchana alichukua panga akashuka bondeni kupogolea mipaini yake, nami nikabaki naosha vyombo. Nilipoinua kichwa niliona moshi mzito nyuma ya shamba lake, na upepo ukiuleta upande wetu.

Nilipiga namba ya dharura. Askari wa zimamoto aliyepokea aliniuliza kijiji, njia ya kuingilia, na kama daraja linapitika, akasema gari linatoka. Nikakimbilia njia panda, nikasimama na kanga mkononi ili niwapungie wasije wakapotea. Nilijiona mtu wa maana kweli.

Jirani mmoja alipita na baiskeli, akautazama moshi, akanisalimia, akaenda zake. Nikamwona hana utu. Kumbe asiye na akili nilikuwa mimi. Kule, Septemba, moshi haumshtui mtu. Anayeandaa shamba huchukua kibali ofisi ya kijiji, huwaarifu wa jirani, kisha huchoma. Kinachowatoa watu mbio ni kengele ya kijiji, rimu ya lori iliyoning'inizwa nje ya ofisi hiyo. Ikigongwa mfululizo, moto umemshinda mwenyewe, na kila kaya inatoa mtu. Nilikua nikilijua jambo hilo. Mjini lilinitoka, kama yalivyonitoka mengine.

Simu iliita. Alikuwa askari yule yule.

"Dada, gari lipo njiani, lakini bado lipo mbali. Kengele mmegonga?"

Nilimwambia hapana.

"Kagonge sasa hivi. Msitusubiri sisi."

Sijui nilifikaje ofisini. Niligonga ile rimu kwa kipande cha chuma mpaka viganja vikachubuka, na kabla sijaacha watu walikuwa wanashuka bondeni na majembe, matawi mabichi, na yale mabomba ya mgongoni ya kupulizia dawa ya viazi, safari hii yamejazwa maji. Mkuu wa kikosi cha moto cha kijiji alikuwa fundi wa kiwanda cha mbao, mwanamume mfupi mpole. Siku ya moto hata mwenyekiti humsikiliza yeye. Aliwapanga watu kwenye barabara ya moto, ule ukanda unaofyekwa kati ya miti na nyumba, ambao mwaka huo nyasi zilikuwa zimeurudia. Mpango wake ulikuwa kuwasha moto mwingine kutoka pale, ukautangulie ule mkubwa na kuumalizia chakula. Lakini kwanza aliuliza kaya moja moja nani wake yuko ndani.

Zamu yangu ilipofika nilisema, "Mama."

Tulimwita kwa pamoja, mara tatu, lakini miti ilikuwa inapasuka kwa kishindo na sauti zetu hazikufika popote. Yule fundi alitazama nyumba nyuma yetu, akatazama miti.

"Tutafyeka kutoka hapa mpaka kwenye kile kichuguu," aliniambia taratibu. "Tukifika pale, nitawasha. Nisamehe, dada."

Sijawahi kuchukia majembe kama siku ile. Watu walifyeka haraka, kwa sababu ndivyo walivyopaswa, na nilitamani kuwashika mikono. Walifika kwenye kichuguu. Fundi akatoa kiberiti.

Ndipo mama alipotokea upande wa kijito, anatambaa, kitenge kimelowa kichwani, nywele za mbele zimeungua. Wanawake wawili walimvuta, na nyuma yao nikasikia nyasi zinashika moto.

Gari la zimamoto lilikuja baadaye. Askari walifanya kazi mpaka jioni, wakimwagia visiki maji ili moto usifufuke, na waliwashukuru wanakijiji kwa heshima.

Mama alikuwa amekaa chini, anakohoa. Nilimuuliza kwa nini hakutoka alipoona moshi.

"Si nikajua ni mtu ana kibali," alisema. "Nikawa nasikilizia kengele. Nikaona kimya, nikaendelea na kazi."

Akanywa maji kidogo.

"Kwani walichelewa nini kugonga?"

Nilimwambia kwamba sijui.