Pauni Mia Saba za Lorraine Ormerod

Lorraine Ormerod alipanga bei za magari ya Kimarekani kwenye kampuni yetu pale Bolton, Uingereza, kwa miaka ishirini na tisa, na sikuwahi kusikia amekosea. Mimi nilikuwa kaunta ya vipuri, hatua kumi kutoka mezani kwake. Gari likishuka melini Southampton, yeye alishajua ushuru wake, gharama ya kuhamishia usukani kulia, na gharama ya kubadilisha zile taa zao nyekundu za kukatia kona ziwe za rangi ya machungwa, kama sheria yetu inavyotaka. Kisha alijiuliza swali ambalo kila mwanamume wa Bolton huliuliza mikono ikiwa mifukoni: jumla kuu ngapi, mpaka mlangoni kwangu?

Mzee Whitlock, mwenye kampuni, alimwachia bei zote. Mzee alipofariki akaja mwanawe, Damian, kijana wa miaka thelathini na mbili anayevaa viatu bila soksi. Simpendi, na sitajifanya nampenda.

Vuli ile tulikuwa tumeagiza magari sitini ya aina moja, ya michezo, mapya kabisa, injini ya silinda nane yenye mngurumo wa kutikisa madirisha. Lorraine akaandika bei: pauni 39,250. Asubuhi, wakati wa chai, Damian akaisoma ile karatasi mbele yetu sote.

"Lorraine, mpenzi, nini hiki? Unawagawia watu pauni mia saba za bure?"

"Si za bure, Damian. Gari likizidi elfu arobaini, mwenyewe anapigwa kodi ya ziada miaka mitano. Na serikali inahesabu..."

"Thelathini na tisa elfu, mia tisa hamsini. Hiyo imezidi arobaini? Au shuleni kwenu mlihesabu kwa vidole?" Akaikunja karatasi, akaitumbukiza kwenye kikombe chake cha chai. "Kuanzia leo kompyuta itapanga bei. Wewe kapumzike, bibi. Cheza na wajukuu."

Hakuwa na wajukuu. Hakuwa hata na mtoto. Alikuwa na ile meza, na kufika saa sita mchana alikuwa ameshaondoa vitu vyake na kwenda zake.

Alichokatizwa kusema ni kwamba serikali huhesabu pia nauli ya kulileta gari dukani, pauni 725. Angeweza kupiga simu siku yoyote akamwambia Damian. Alinyamaza wiki sita. Nilimkuta sokoni akinunua jibini, nikamuuliza anaendeleaje.

"Nalala vizuri, Nev," akasema, na macho yake yalinitisha.

Uzinduzi ulikuwa Jumamosi. Redio ya mji ilikuwa imetangaza wiki nzima: chini ya elfu arobaini, kodi ya ziada hakuna! Watu wakajaa, wakala vitafunio vya soseji, wakapigana vikumbo kukaa nyuma ya usukani. Kufika saa tisa, arobaini na watatu walikuwa wametia sahihi na kulipa amana. Hapo ndipo Lorraine akaingia, amevaa kofia yake ya kuendea harusini.

"Kijana, leo mimi mteja. Nauli ya kulileta imo kwenye bei?"

Damian akacheka. "Nauli pembeni, bibi. Mia saba ishirini na tano tu."

"Basi ni elfu arobaini, mia sita sabini na tano." Alisema polepole, kama anayesoma matangazo kanisani. "Kodi inahesabu na nauli. Pauni mia tatu na kumi za ziada kila mwaka, miaka mitano, kila mmoja wenu. Hajawaambia?"

Fundi bomba mmoja mnene kutoka Horwich akamgeukia Damian. "We bwana, ni kweli?"

"Subirini, na... naangalia." Alikuwa anabonyeza simu, na watu wote wanamwona.

"Angalia tu, mpenzi," Lorraine akasema. "Sina haraka. Nimestaafu."

Roho yangu ilisuuzika. Nilitamani siku ile isiishe.

Watu thelathini na mmoja walidai amana zao pale pale. Waliobaki ilibidi wapunguziwe bei. Magari yaliyokosa wateja yalikaa bandarini mpaka benki iliyotukopesha ikachoka kungoja, na Damian akauza nyumba ya baba yake. Machi wakafunga kaunta ya vipuri. Watu saba tukaachishwa kazi, mimi nikiwemo.

Nilimtafuta Lorraine baa, nikamnunulia nusu painti ya bia.

"Umemkomesha, na haki yake," nikamwambia. "Lakini na sisi tumeumia. Hukutufikiria hata kidogo, sisi wa kaunta?"

"Niliwafikiria sana, Nev." Akaisogeza ile bia kwangu bila kuionja. "Karatasi yangu ilipokuwa inaelea kwenye chai, niliwatazama mmoja mmoja. Wewe ulikuwa unachagua biskuti."