Mbwa Mdogo na Mapindo ya Suruali

Shemeji yangu ni fundi cherehani. Suruali aliyoipinda yeye utaitupa imetoboka magoti, na pindo limekaa pale pale alipoliacha. Sisemi hivi kwa sababu kamwoa dada yangu. Mimi nauza vitambaa mlango wa pili kutoka kwake, na fundi mbovu ananiharibia jora langu. Huyo nisingemvumilia hata kama tungezaliwa tumbo moja.

Chumba chake cha kazi ni chembamba. Kulia kuna cherehani mbili, ya mguu na ya umeme. Kushoto kuna meza ya kukatia iliyoinuliwa kwa matofali, maana mwenyewe ni mrefu na mgongo unamsumbua. Nyuma ya mlango kuna kioo chenye ufa, na wateja wanene wote huusingizia ufa. Hufanya kazi na pini zimemjaa mdomoni, na bado anaongea. Nimemwona akibishana na mama mmoja kuhusu mpira wa kiuno kuanzia kipimo cha kwanza mpaka cha mwisho. Hakumeza pini hata moja, wala hakushindwa ubishi.

Chini ya meza aliishi Kifungo. Huyu ni mbwa mdogo wa miguu mifupi, mwenye masikio makubwa kuliko kichwa kinavyohitaji. Mpangaji mmoja alihama akamwacha, na fundi akamkuta asubuhi amejikunja ndani ya sanduku la vifungo. Jina likapatikana hapo hapo.

Kwa watu wazima Kifungo hakuwa na neno. Kwa watoto alikuwa balaa. Mtoto akija kujaribu nguo, yeye anatoka chini ya meza kimyakimya, anamng'ata kwenye kifundo cha mguu, anarudi zake. Damu haikutoka, ni kufinya kwa meno tu, kama mtu anayejaribu ubora wa kitambaa. Lakini kamweleze hayo mama ambaye mwanawe amepanda juu ya meza na anapiga mayowe.

"Anacheza tu huyu," fundi alizoea kusema.

"Basi acheze na mguu wako," mama mmoja alimjibu, akamshika mwanawe mkono wakaondoka na kaptura ina mguu mmoja tu.

Sasa, shule ya jirani ndiyo inayomlisha shemeji. Kila mwaka anawashonea sare watoto wote, kwa kitambaa changu. Ukiitoa shule, kinachobaki ni kubadilisha zipu. Karibu na msimu wa kupima, mwalimu mkuu akaja mwenyewe. Ni mama mfupi, na mkoba wake haumtoki kwapani.

"Fundi, nimepata habari za huyu bwana mdogo," akasema, akinyoosha kidole chini ya meza.

"Mwalimu, huyu hana ubaya."

"Mtoto wa darasa la kwanza hajui ubaya wala uzuri wa mbwa. Anajua meno. Mwondoe, la sivyo watoto nawapeleka kwa fundi wa kule sokoni."

Shemeji akatoa pini zote mdomoni. Nikajua mambo yameharibika, maana hilo hulifanya akitaka kula tu.

"Wapeleke," akasema.

Mimi nilikuwa mlangoni na jora la buluu begani. Mengine ya rangi hiyo hiyo yalikuwa yamejaa dukani kwangu mpaka dari, na rangi ile hakuna mtu mzima anayeivaa kwa hiari yake.

"Mwalimu, usimsikilize," nikasema. "Shemeji akiwa na njaa huropoka."

"Nimekula," akasema fundi.

"Shemeji, hebu nyamaza kidogo."

Nikampa mwalimu masharti. Jumamosi alete watoto wachache, wapimwe mbele ya macho yake. Mbwa akimgusa mtoto mmoja tu, anaondoka siku hiyo hiyo, na mahali pa kumpeleka nitatafuta mimi. Asipomgusa mtoto, kazi inabaki hapa.

"Na wewe unapata nini?" akaniuliza.

"Mimi nauza kitambaa, mwalimu. Mapenzi ya mbwa sina."

Akacheka, akakubali. Watu humwamini anayetaja faida yake waziwazi. Fundi ndiye hakucheka.

"Umemweka rehani mbwa wangu!"

"Na wewe ulishaitupa kazi yako barabarani. Kati yetu nani kafanya biashara mbaya?"

Alasiri ile nikavuta kigoda nikakaa, nikamkagua Kifungo kama ninavyokagua bidhaa kabla sijainunua. Akaja mtoto na shati la baba yake lenye mfuko uliochanika. Mbwa hakuinua hata kichwa. Wakaja wengine wawili wakikimbizana mpaka ndani. Akawatazama, akapiga miayo. Kisha akaja mmoja kujaribu suruali mpya ya shule, mapindo hayajashonwa bado, nyuzi zinaburura sakafuni. Kifungo akatoka kama risasi. Ila meno yaliendea kitambaa. Kifundo cha mguu kilikuwa tu ndani yake.

"Shemeji," nikasema mtoto alipokwisha kunyamazishwa, "huyu hamtaki mtoto. Anataka pindo."

"Pindo la nini tena?"

Kabla sijamjibu, akajinyoosha mgongo, na kama afanyavyo kila jioni akaokota kipande kirefu cha kitambaa chini ya meza, akakining'iniza. "Kamata! Kamata, mwanangu!" Kifungo akarukia, akaning'inia, akazungushwa hewani, wote wawili wana furaha tele. Nikamkazia macho mpaka akaacha kuzunguka. Kipande kilikuwa cha sare ya shule.

"Usiniangalie hivyo," akasema.

"Kumbe mwalimu wake ni wewe."

Akabaki ameshika ncha moja, na mbwa bado anavuta ncha ya pili.

Tangu siku ile vipande vyote vilikwenda moja kwa moja ndani ya gunia, na mdomo wa gunia ukafungwa kamba. Vilivyomponyoka, fundi alitaka kumnyang'anya mbwa kwa nguvu.

"Usivute," nikamwambia. "Ukivuta anajua mchezo umeanza."

"Nimpige?"

"Ukimpiga atang'ata kwa hasira, na leo anang'ata kwa furaha. Utakuwa umepata hasara juu ya hasara. Mwonyeshe kitu kizuri zaidi, akiachie mwenyewe."

Mimi nilianza kwa kuuza nyuzi na sindano mlango kwa mlango. Najua namna mtu anavyoachia kilichoko mkononi mwake. Nikaleta vijipande vya nyama kavu. Mbwa akikamata kitambaa, unasema "Badili", unamwonyesha nyama, akiachia, anapewa. Mara ya kwanza aliniangalia kama mteja anayeshuku mizani. Baadaye akawa anakitema kitambaa kabla sijamaliza neno. Mwishowe akawa anachokonoa gunia makusudi, anatuletea kipande na kukaa kitako kusubiri malipo.

"Amekuwa kama wewe," akasema shemeji.

"Basi atafika mbali."

Tukamzoesha pia kwamba futi ya kupimia ikitolewa shingoni mwa fundi, yeye anakwenda kulala kwenye mkeka wake na mfupa. Nikasema bado upigiliwe ubao mbele ya meza.

"Kama amefunzika, ubao wa nini?"

"Majirani zangu ni watu wazuri, na duka langu lina kufuli."

Akasema atapigilia. Jumamosi ikafika hajapigilia.

Mwalimu alisimama karibu na kioo, mkoba kwapani, watoto wamejipanga. Nikawaambia wasimame wima kama nguzo, wasikimbie, wasimguse mbwa. Fundi akatoa futi shingoni, Kifungo akaenda kwenye mkeka. Akapimwa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilishaanza kuyaona majora yangu yakitoka dukani.

Wa mwisho alikuwa kibinti mwenye pengo la meno ya mbele, amevaa sketi ya shule ya dada yake inayotakiwa kupunguzwa. Fundi alikuwa amelikunja pindo na kulitia pini. Kibinti akageuka kujitazama kwenye kioo, pini ikachomoka, pindo likaporomoka mpaka sakafuni. Kifungo akaacha mfupa, akaja, akalikamata.

Watoto wakarudi nyuma. Mwalimu akanitazama mimi, si mbwa.

"Badili!" akasema fundi, akitia mkono mfukoni. Mkono ukatoka na chaki. Nyama alikuwa ameiacha kwenye koti, na koti liko nyumbani. Akaisogeza ile chaki hivyo hivyo. Kifungo akainusa, akamwangalia, akazidi kukaza meno. Nisingemlaumu.

Kibinti hakusogea. Taratibu akatoa mfukoni kipande cha mkate, akakishusha.

"Badili," akasema.

Mbwa akaachia pindo, akauchukua mkate kwa ncha ya midomo, akarudi nao mkekani.

Nikawahi. "Umeona, mwalimu. Hajamgusa mtoto."

"Kamgusa sketi."

"Tulikubaliana mtoto. Sketi hatukuitaja."

Mwalimu akainama kwa kibinti. "Umeumia?"

"Hapana. Nina mkate mwingine. Nirudie?"

Mwalimu akajaribu kukunja uso, ikamshinda. "Haya, sare zibaki hapa," akasema. "Lakini watoto wote watakapokuja, awe nyuma ya kizuizi, na mkate asipewe na mtoto."

"Napigilia ubao leo hii!" akasema fundi, kabla sijafungua mdomo. Na kweli, mwalimu hajavuka barabara nyundo ikaanza kulia.

Shule nzima ikaletwa wiki iliyofuata. Kifungo alikaa nyuma ya ubao na mfupa wake, masikio tu yanaonekana. Watoto walisimama wima kuliko askari. Katikati ya foleni fundi akasita.

"Wewe si nilishakupima?"

"Ulinipima mguu mmoja tu," akasema kibinti mwenye pengo, shingo ameinyoosha kuelekea ubaoni.

Shemeji akachuchumaa, akaupima ule mguu wa pili kwa makini kabisa. Nikamwambia anapoteza muda na foleni imefika barabarani.

"Shemeji," akasema, pini zimemjaa mdomoni, "kalete kitambaa."

Nikaenda kuleta jora jingine.