Hapa Chai Inaombwa

Kaka yangu alipokwenda kuposa Morogoro, aliwaambia wakwe zake kwamba dada yake ana hoteli Kawangware. Hakudanganya. Kwetu Kenya hoteli ni popote penye chai na chapati. Kwao hoteli ni nyumba ya ghorofa yenye vitanda na mtu wa kukubebea sanduku. Basi wifi yangu akaja Nairobi miezi michache kabla ya uchaguzi wa 2007, amevaa viatu vyeupe vya kupokelea wageni. Akasimama mbele ya kibanda changu cha mabati, akatazama mabenchi na sufuria nyeusi, akaniuliza wageni wanalala wapi.

"Hapa hakuna kulala, wifi. Wanakunywa, wanaenda."

"Jamani! Kumbe wewe ni mama ntilie!"

Sikujua bado kwamba kwao mama ntilie ni mwuza chakula wa kibandani, lakini alivyokaa chini akicheka huku ameshika mbavu, nilimpenda papo hapo. Alivua viatu, akajifunga leso yangu, akaanza kukata vitunguu.

Tulikuwa tukiishi Kambi Muru, Kibera, yeye na kaka chumba kimoja, mimi cha pili, na kila asubuhi tulitembea hadi Kawangware. Njiani wifi hakufunga mdomo. Huyu anauza nini? Hauzi, anachaji simu za watu. Na yule? Anaosha viatu vyenye tope. Na yule mwenye mkokoteni? Anakuletea maji mlangoni. "Hata maji?" Hata maji, wifi, na kuna wa kufua nguo, na kuna wa kukushikia foleni. Alisema kwao kazi hizo zipo pia, ila hazijawa kazi: unamwomba jirani, naye kesho anakuomba wewe. Nilimwambia Nairobi jirani yako yuko kibaruani tangu alfajiri, kwa hivyo kila shida yako inageuka kuwa riziki ya mtu mwingine. Alinitazama kwa huruma, kana kwamba nimemweleza ugonjwa.

Shida ilianzia kwenye ulimi. Mteja wa kwanza aliyemhudumia alisema, kama sisi sote tunavyosema, "Madam, nisaidie." Wifi aliangusha mwiko, akaruka benchi, akamshika yule mwanamume mabega.

"Una nini, kaka? Nani kakupiga?"

"Chumvi, madam! Nisaidie na chumvi tu!"

Kibanda kizima kiliangua kicheko. Siku ile ile nikamtuma sukari dukani, naye akasema kwa adabu zake zote, "Naomba sukari." Mwenye duka hakuinua hata macho. "Enda mbele, mama. Hatupeani ya bure hapa." Alirudi mikono mitupu, amevimba kwa hasira, nami nikacheka hadi maziwa yakafurika na kuzima jiko.

Uchaguzi ukaja, matokeo yakatangazwa, na moto ukawaka. Njia ya kwenda Kawangware ikafungwa kwa mawe na matairi, nami sikujua kama kibanda changu bado kimesimama. Moshi tuliuona pande zote, na milio ya risasi tuliisikia tukiwa tumelala sakafuni. Kaka, ambaye ni fundi wa mabomba, hakuwa na bomba la kutengeneza. Wale wachaji simu, waosha viatu na wabeba maji walitoweka kwa mpigo, tukabaki kila mtu na ndoo yake.

Ndipo baba wa wifi akapiga simu kutoka Morogoro. Alisema Jumapili atapiga tena, na binti yake amwambie siku ya kusafiri, yeye atampokea mpakani Namanga. Wifi akajibu, "Sawa, baba." Baadaye kaka aliniambia nje, "Siwezi kumzuia. Mimi ndiye nimemleta kwenye moto." Nilimkasirikia kwa unyonge wake, lakini na mimi sikuwa na ujasiri wa kumwambia wifi abaki. Nilijua tu kwamba akiondoka nitakufa kwa ukimya.

Wiki hiyo, ili tusikae tukisubiri habari mbaya, tulitoa sufuria na benchi mlangoni pale Kambi Muru tukaanza kupika chai. Maziwa hayakuwepo, kwa hivyo ilikuwa strungi, chai kavu yenye tangawizi nyingi. Harufu ilifika mbali. Kijana mmoja mrefu akaja na wenzake kutoka mtaa wa Raila, humo humo Kibera, macho mekundu, rungu begani.

"Siz, leta chai. Haraka."

Wifi aliendelea kukoroga. "Hilo rungu litakaa ukutani. Kisha useme naomba."

Nilijaribu kumkanyaga mguu, nikakanyaga kuni.

"Mimi siombangi," kijana akasema. "Mimi nanunua."

"Kununua utanunua. Lakini kwanza utaomba. Hapa chai inaombwa."

Kijana alinitazama mimi. Mimi nikatazama ndani ya sufuria kama niliyepoteza pete humo. Kisha nikasikia rungu likigonga ukuta polepole, na sauti ndogo isiyolingana na ule urefu: "Naomba chai."

"Karibu sana, kaka," wifi akasema, akampa kikombe kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo.

Wenzake walicheka hadi wakashikana. Yeye mwenyewe alijaribu kukunja uso, akashindwa, na chai ikamtoka puani. Nami nikacheka, kaka akacheka mlangoni, na jirani ambaye hatukuwa tumesalimiana naye tangu matokeo akatoka kuuliza kuna nini, akacheka kabla hajajibiwa. Ilikuwa kama ulevi. Kesho yake watu walianza kupaza sauti kutoka kwenye kona, "Naomba! Naomba!", wazee kwa vijana, huku marungu yakijipanga ukutani kama miavuli. Kina mama wa mtaa wa Silanga walileta sukuma wiki, nasi tukaongeza ugali.

Jumapili ikafika. Mkoba wa wifi ulikuwa umefungwa juu ya kitanda. Simu ililia wakati benchi limejaa, yeye ana sahani tatu mikononi. Akabana simu kwa bega.

"Shikamoo, baba. Baba, subiri kidogo, nina wateja."

Akanitupia simu, akaenda zake na sahani.

Nilimwamkia mzee kwa shikamoo niliyofundishwa na binti yake. Kisha akauliza, "Ameniambia nisubiri?"

"Ndiyo, baba."

"Mimi?"

"Samahani, baba. Watu ni wengi."

Nilitaka kusema mengi, kwamba kaka yangu hali chakula, kwamba mkoba ule umeninyima usingizi. Nikashindwa yote.

"Basi," mzee akasema, "nasubiri."

Akasubiri kweli, na ile simu yake ya kutoka nchi nyingine ikimla pesa. Wifi alimaliza benchi zima, akajifuta mikono kwenye leso, akachukua simu. Kaka alikuwa amesimama na kuni mkononi, hajui aiweke wapi.

"Baba," wifi akasema, "nabaki."